Sura ya Saba: Usizime Kwanza

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike iliwatumia wateja wake duniani kote faili dogo la kuimarisha ulinzi wa kompyuta zao. Ulaya ilikuwa ndiyo kwanza inaamka. Huku Mombasa siku ilikuwa imeshaanza. Pale Buxton, ambako njia ya kutoka daraja la Nyali inaingia mjini, saa hizo matatu za Kisauni na Bamburi hushusha watu wa benki, wa maduka, wa zahanati na wa ofisi za mizigo, na saa hizo hizo ndipo kompyuta za kazini zinapowashwa.

Faili lile lilikuwa na kasoro. Kompyuta ya Windows iliyokuwa na programu ya Falcon ya kampuni hiyo, ikalipokea, ilianguka papo hapo. Ilionyesha skrini ya buluu, ikajiwasha upya, ikaanguka tena. Ilipofika saa mbili na dakika ishirini na saba faili lilikuwa limeondolewa, lakini mashine zilizokwisha kulipokea nyingi hazikuweza kusimama muda wa kutosha kupokea sahihisho. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 ziliathirika. Safari za ndege zilifutwa, hospitali ziliahirisha miadi, na mafundi walilazimika kuiendea mashine moja baada ya nyingine na kulifuta faili lile kwa mkono.

Msiba huo umesimuliwa sana. Lililosimuliwa kidogo ni namna chanzo chake kilivyopatikana. Programu ya aina ile ina mistari mingi mno ya msimbo kwa mtu kuisoma yote akitafuta kosa. Lakini mashine zilizoanguka zilikuwa zimeacha ushahidi: kabla ya kujiwasha upya, Windows ilinakili kwenye diski yale yaliyokuwamo ndani ya kumbukumbu wakati ule wa kuanguka. Nakala hiyo mafundi huiita dampu.

Tarehe 27 Julai Microsoft ilichapisha uchambuzi wa dampu hizo, zilizofunguliwa kwa chombo chake cha WinDbg. Ndani yake ilionekana wazi kwamba programu ya Falcon ilikuwa imebeba anwani ffff840500000074, ikahakikisha kwanza kwamba anwani hiyo si sifuri, kisha ikaenda kusoma kilichomo. Hapakuwa na kitu cha kusomwa. Tarehe 6 Agosti CrowdStrike yenyewe ikatoa ripoti ya chanzo: kanuni mpya ilitarajia taarifa 21, ilhali programu ilikuwa ikizipeleka 20. Taarifa ya 21 ilitafutwa nje ya mpaka wa orodha, mahali pasipo na mwenyewe.

Tofauti ya moja tu ndiyo iliyoangusha mashine milioni 8.5, na ilipatikana kwa sababu kumbukumbu za mashine hizo zilihifadhiwa. Sura hii inahusu ufundi huo wa kuhifadhi na kusoma. Naamini ni ufundi ambao mji wetu unauhitaji kuliko tunavyodhani, kwa sababu desturi tuliyojifunza sote, ya kuzima mashine na kuiwasha kila inapokwama, huondoa ushahidi pamoja na usumbufu.

Kilichomo ndani ya kumbukumbu

Kumbukumbu ya kompyuta ni kama mtaa mrefu sana wa vyumba vidogo, kila chumba na nambari yake mlangoni, na ndani ya kila chumba mna baiti moja. Programu ikitaka kujua deni la mteja, haiutafuti mtaa mzima. Inashika nambari ya mlango na kwenda moja kwa moja. Nambari hiyo inapohifadhiwa mahali ili itumike baadaye, inaitwa kielekezi. Programu kubwa huwa na maelfu kwa maelfu ya vielekezi, na sehemu kubwa ya maanguko ya ghafla hutokana na kielekezi kinachopeleka mahali pasipostahili.

Katika miaka ya 1950 kumbukumbu ilitengenezwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwenye nyaya. Jay Forrester na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, waliiweka kwenye kompyuta ya Whirlwind mwaka 1953. Vipete hivyo vilikuwa na sifa moja ambayo leo tumeikosa: umeme ukikatika, vilibaki na kilichokuwamo. Programu ikianguka, waendeshaji waliamuru mashine ichapishe kila kilichomo, na wahandisi wakabeba mabunda ya karatasi yaliyojaa tarakimu wakayasome mezani.

Kumbukumbu zetu za sasa hazina uaminifu huo. Mwaka 1970 Intel ilianza kuuza 1103, chipu ya kumbukumbu inayohifadhi chaji ndogo ya umeme katika kila seli. Chaji hiyo huvuja, na lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde. Bei yake ilikuwa nafuu, nayo ikavishinda vipete vya sumaku, na kompyuta na simu zetu hadi leo zinatumia chipu za ukoo huo. Umeme ukikatika, kumbukumbu hupotea. Kwa hiyo mtu anayebonyeza kitufe cha kuzima mashine iliyoganda anafuta maelezo yote ya kilichoigandisha: ni kazi gani ilikuwa ikifanywa, kwa data gani, na ni nani alikuwa akimngoja nani.

Namna dampu inavyopatikana

Dampu haihitaji mashine ya gharama. Mifumo yote mikubwa ya kuendesha kompyuta inaweza kuitoa, lakini mara nyingi uwezo huo umefungwa au haujulikani.

Katika Linux, kwenye mashine nyingi, ukubwa unaoruhusiwa wa faili la dampu umewekwa kuwa sifuri tangu mwanzo. Amri ya ulimit -c unlimited, ikiandikwa kabla ya kuanzisha programu, huondoa kizuizi hicho. Faili la /proc/sys/kernel/core_pattern ndilo linalosema dampu itakwenda wapi, na katika mifumo inayotumia systemd amri ya coredumpctl list huorodhesha programu zilizoanguka, saa zilipoanguka, na kama dampu zake zingalipo. Kwa programu ambayo bado iko hai lakini imeganda, amri ya gcore huchukua nakala ya kumbukumbu yake bila kuiua.

Katika Windows, fundi anaweza kufungua Task Manager, akabonyeza kitufe cha kulia juu ya programu iliyoganda, akachagua kuunda faili la dampu. Kwa kazi nzito zaidi kuna ProcDump, chombo cha bure kutoka mkusanyiko wa Sysinternals. Kikiamriwa kwa -e kitaisubiri programu na kuinakili pale inapoanguka. Kikiongezwa -ma kitachukua kumbukumbu yote. Mfumo mzima ukianguka, dampu hukaa ndani ya folda ya Windows kwa jina la MEMORY.DMP, na zile fupi katika folda ya Minidump. Windows hupitisha nakala hiyo kwanza kwenye faili lake la akiba kwenye diski, kwa hiyo fundi anayelifuta faili hilo ili apate nafasi huenda asipate dampu siku atakayoihitaji.

Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ikianguka yenyewe huwa na shida ya pekee: aliyetarajiwa kuandika ushahidi ndiye aliyeanguka. Mbinu inayoitwa kdump hutatua hilo kwa kutenga sehemu ya kumbukumbu tangu mwanzo na kuweka humo keneli ya pili, iliyolala. Ya kwanza ikianguka, ya pili huamka, huisoma kumbukumbu ya mwenzake, huiandika kwenye diski, kisha ndipo mashine hujiwasha upya.

Ukubwa wa dampu ni jambo la kuamua mapema. Dampu kamili ya seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 inaweza kukaribia ukubwa huo huo, na kuituma kwa fundi aliye Nairobi kwa bando za simu ni gharama ambayo duka dogo haliwezi. Dampu fupi ya Windows ya biti 64 ina kilobaiti 256 tu. Haina kila kitu, lakini ina mlolongo wa kazi uliokuwa ukiendelea, hali ya rejista za prosesa na orodha ya vipande vya programu vilivyokuwamo. Kwa hitilafu nyingi, hiyo inatosha kujua pa kuanzia.

Jina refu

Njia nzuri ya kuelewa usomaji wa dampu ni kuifuata hitilafu moja tangu ilipoonekana hadi chanzo chake. Huu ni mfano niliouunda, lakini kila hatua yake ni ya kweli kwa mashine ya Linux yenye prosesa ya biti 64, na hitilafu za aina hii ni za kawaida kabisa.

Chukulia duka la dawa pale Buxton linaloweka hesabu za wateja wa mkopo kwa programu iliyoandikwa miaka mingi nyuma kwa lugha ya C. Asubuhi mhudumu anamwandikisha mteja mpya. Kutwa nzima programu inafanya kazi. Jioni, wakati wa kufunga hesabu, inaanguka. Wanaiwasha, inafunguka, wanaandika upya yaliyopotea. Wiki mbili zinapita salama, kisha siku moja inaanguka tena jioni. Mwenye duka anasema mashine imechoka. Fundi anabadilisha kumbukumbu, kisha waya wa umeme, na hali inabaki vile vile.

Safari hii fundi ameondoa kizuizi cha dampu, na programu inapoanguka inaacha dampu. Anaifungua kwa gdb, dibaga (chombo cha kusaka hitilafu) aliyoianzisha Richard Stallman katika miaka ya 1980 na ambayo hadi leo ni ya bure kwa kila mtu. Dibaga inamwambia kwanza ishara iliyoua programu, SIGSEGV, yaani programu imejaribu kugusa kumbukumbu isiyokuwa yake. Anaandika bt na kupata mlolongo wa kazi, ya karibuni ikiwa juu: kazi ya kusoma deni iliitwa na kazi ya kujumlisha, nayo iliitwa na kazi ya kufunga siku. Anauliza ni anwani gani iliyokuwa ikisomwa. Dibaga inajibu: 0x6d696c615320.

Hapa ndipo jicho lililozoea linaposimama. Anwani halali za programu hii zilikuwa zikianza kwa 55 au 7f. Hii haifanani na ndugu zake. Lakini tarakimu zake zina sura nyingine inayojulikana. Kila herufi ya kawaida ina nambari yake katika kumbukumbu, na kwa hesabu ya heksadesimali herufi ndogo ziko kati ya 61 na 7A. Neno Buxton huandikwa 42 75 78 74 6F 6E. Sasa fundi anaipasua anwani ile jozi kwa jozi: 6D ni m, 69 ni i, 6C ni l, 61 ni a, 53 ni S kubwa, 20 ni nafasi tupu. Prosesa za ukoo wa Intel huhifadhi baiti ndogo ya nambari kwanza, kwa hiyo kilichokuwamo kwenye kumbukumbu kwa mpangilio wake ni kinyume cha hapo: nafasi tupu, S, a, l, i, m.

Kielekezi cha deni kilikuwa kimebeba jina la Salim.

Fundi anaiomba dibaga imwonyeshe kumbukumbu iliyotangulia kielekezi hicho. Linatokea jina lote: Abdulrahman Mohamed Abubakar bin Salim. Anafungua msimbo na kuona kwamba aliyeandika programu alitenga baiti 32 kwa jina la mteja, na mara tu baada yake aliweka kielekezi cha deni. Hesabu inajipanga yenyewe: kuanzia A ya kwanza hadi mwisho wa bin ni baiti 32 kamili. Nafasi tupu na herufi tano za Salim zilimwagika juu ya kielekezi. Kazi ya strcpy, inayonakili maandishi hadi mwisho wake bila kuuliza nafasi iliyopo, haikuona ubaya wowote.

Jina la namna hiyo si la ajabu katika Mji wa Kale, wala Kibokoni, wala Buxton. Watu wetu hutajwa kwa jina lao, la baba, la babu na la ukoo. Aliyetenga baiti 32 aliwafikiria watu wengine. Na kama jina lingeandikwa kwa herufi za Kiarabu katika mfumo wa UTF-8, kila herufi ingetaka baiti mbili, na nafasi ingejaa mapema zaidi.

Mahali pa kuanguka na mahali pa kosa

Kosa lilitendeka asubuhi, jina lilipoandikwa, na programu ikaanguka jioni, kielekezi kilipotumiwa. Kati yake palikuwa na saa nyingi za kazi njema. Mtu anayetazama tu kilichokuwa kikifanyika wakati wa kuanguka atailaumu kazi ya kufunga siku, ataiandika upya, na programu itaanguka tena mahali pengine. Ndiyo sababu hitilafu hii ilionekana kama mashine kuchoka: ilitokea siku tu alipoandikishwa mwenye jina lililopita mpaka, na ikatoweka kila mashine ilipowashwa upya siku asipoandikishwa mtu wa namna hiyo.

Hili ndilo somo kubwa kuliko yote katika ufundi huu, na wanafunzi huchelewa kulikubali. Dampu huonyesha mahali programu ilipoanguka, lakini kazi ya msomaji ni kurudi nyuma hadi pale mambo yalipoharibika. Swali la kujiuliza mbele ya kila thamani yenye sura mbaya ni hili: nani aliiandika hapa mara ya mwisho? Anwani iliyojaa herufi inasema maandishi yamemwagika. Anwani ya sifuri, au iliyo karibu sana na sifuri, inasema kielekezi hakikupewa chochote. Tony Hoare, aliyebuni kielekezi tupu mwaka 1965, alikuja kusema hadharani mwaka 2009 kwamba anakihesabu kuwa kosa lililoigharimu dunia dola bilioni moja. Thamani kama CDCDCDCD katika programu za majaribio zilizokompailiwa kwa vyombo vya Microsoft ni alama inayowekwa makusudi kwenye kumbukumbu iliyotengwa lakini haijajazwa. Ukiikuta, mtu ametumia kitu kabla ya kukiandaa.

Programu iliyoganda bila kuanguka husomwa kwa namna nyingine. Hapo fundi huomba mlolongo wa kazi wa kila uzi wa programu, yaani kila mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine, kwa amri ya thread apply all bt. Mara nyingi hukuta uzi wa kwanza umeshika kufuli la akaunti ukingojea kufuli la printa, na uzi wa pili umeshika kufuli la printa ukingojea la akaunti. Hakuna atakayeachia. Dampu moja huliweka wazi jambo ambalo lingebishaniwa ofisini mwezi mzima.

Dibaga inataja kazi kwa majina yake kwa sababu kuna faili la simboli linaloambatanisha anwani na majina ya kazi na mistari ya msimbo. Katika Linux hupatikana kwa kukompaili kwa chaguo la -g; katika Windows ni faili la PDB. Bila simboli, mlolongo wa kazi ni orodha ya nambari tupu. Na simboli lazima ziwe za toleo lile lile lililoanguka. Za toleo la wiki iliyofuata zitampotosha msomaji kwa kumwonyesha mstari usiohusika. Kwa hiyo mtengenezaji yeyote anayeuza programu, hata kwa maduka matatu tu, anapaswa kuhifadhi simboli za kila toleo alilotoa. Ikiwa ameuza bila kuzihifadhi, amejinyima njia ya kumhudumia mteja wake.

Dampu nyingi kwa pamoja

Dampu moja hueleza anguko moja. Zikikusanywa nyingi huonyesha jambo ambalo hakuna fundi mmoja angeliona. Tangu Windows XP mwaka 2001, Microsoft imekuwa ikipokea ripoti za maanguko kutoka kwa watumiaji wanaokubali kuzituma, na kuzipanga mafungu kwa mafungu kwa kutazama mahali programu ilipoanguka. Mwaka 2002 mkuu wa kampuni hiyo, Steve Ballmer, alieleza walichokiona: takriban asilimia 20 ya kasoro zilisababisha asilimia 80 ya maanguko, na asilimia 1 tu ya kasoro zilisababisha nusu ya yote. Kabla ya hapo watengenezaji walirekebisha kasoro zilizowaudhi wao. Baada ya hapo waliweza kuanza na zile zilizowaumiza watu wengi.

Simu za Android zina utaratibu unaofanana na huo. Programu ikianguka katika tabaka la chini, mfumo huandika maelezo mafupi ndani ya folda ya /data/tombstones: ishara iliyoiua, rejista, na mlolongo wa kazi wa kila uzi. Mtengenezaji aliye na simu ya majaribio anaweza kuyapata kwa kuomba ripoti ya hitilafu katika mipangilio ya watengenezaji. Kwa mji ambao watu wengi hufanya biashara zao kwa simu, hapa ndipo pa kuanzia kujifunza.

Amana ya watu

Nakala ya kumbukumbu haichagui. Ndani ya dampu ya duka lile la dawa mna majina ya wagonjwa, nambari zao za simu, dawa wanazotumia, madeni yao, na huenda neno la siri la mwenye duka likiwa halijafichwa, kwa sababu ndani ya kumbukumbu mambo hukaa wazi ili yatumike. Anayeituma dampu kwa baruapepe kwa mtu asiyemjua ametuma yote hayo.

Hatari hii si ya kinadharia. Mwaka 2023 wavamizi ambao Microsoft iliwapa jina la Storm-0558 waliingia katika baruapepe za taasisi kadhaa, zikiwemo idara za serikali ya Marekani, kwa kutumia ufunguo wa siri wa kampuni hiyo. Septemba mwaka huo Microsoft ilieleza kwamba huenda ufunguo ule ulikuwa umeingia ndani ya dampu ya mwaka 2021, iliyohamishwa kutoka sehemu iliyofungwa hadi mahali pa wahandisi wa kusaka hitilafu. Machi 2024 ilisahihisha maelezo hayo na kusema haijaipata dampu yenye ufunguo huo. Hata hivyo, kampuni hiyo yenyewe iliiona dampu kuwa njia inayowezekana ya kuvujisha siri kubwa kama ile, na kila fundi anapaswa kulizingatia hilo.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayomtaka anayeshika taarifa za watu azitumie kwa lengo linalojulikana tu, asichukue zaidi ya zinazohitajika, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Dampu imo ndani ya sheria hiyo kama lilivyo daftari la wateja. Kwa hiyo ichukuliwe fupi inapotosha, ifungwe kwa usimbaji kabla ya kutumwa, isomwe na watu wanaojulikana, na ifutwe kazi ikiisha. Nayasisitiza haya kwa sababu fundi anayeaminiwa na duka la mtaani huaminiwa kwa jina lake. Siri za majirani zikitoka kwake, hakuna sahihisho la programu litakalozirudisha.

Kazi ya mji huu

Mombasa ndiyo mlango ambao intaneti ya kasi iliingilia Kenya. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilianza kazi mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, jirani kabisa na Buxton. Kilianza kama taasisi ya ufundi ya Waislamu, kikawa chuo cha ufundi mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Karibu na Fort Jesus, Swahilipot Hub imekuwa tangu 2016 ikiwakusanya vijana wa teknolojia na wa sanaa. Buxton yenyewe imebadilika sura: nyumba za zamani za kaunti zilibomolewa kuanzia 2021 na magorofa ya Buxton Point yakainuka. Katika eneo dogo linalotembeleka kwa miguu kuna wanafunzi, kuna intaneti, na kuna maduka mengi yanayotegemea programu zilizoandikwa na watu wasiojua jina refu la mteja wao.

Kinachokosekana ni desturi. Vijana wetu hufundishwa kuandika programu mpya, na hilo ni jema, lakini wengi humaliza masomo bila kufungua dampu hata moja. Somo hilo halihitaji maabara ya kifahari. Linahitaji kompyuta moja, gdb ya bure, programu ya mistari ishirini iliyoharibiwa makusudi, na mwalimu anayekataa jibu la kuzima na kuwasha. Mwanafunzi aliyelipata jina la Salim ndani ya anwani atakuwa ameelewa kumbukumbu, kielekezi, mlolongo wa kazi na mpangilio wa baiti kwa jioni moja, kwa undani usiopatikana kwa kukariri.

Kwa wenye maduka na ofisi, ombi langu ni dogo zaidi. Mwambieni anayewauzia programu awashe utoaji wa dampu siku ya kuisimika, na awaonyeshe folda yake. Mashine ikikwama, andikeni saa, andikeni kilichokuwa kikifanywa, chukueni nakala, ndipo mzime. Ni dakika chache tu, hata foleni ikiwa ndefu.

Kisha mkae na muuzaji huyo mkiwa na ushahidi mkononi. Mwenye dampu na saa zilizoandikwa hawezi kuambiwa kwamba mashine yake imechoka, wala kuuziwa vifaa asivyovihitaji. Anaweza kudai marekebisho ya kweli, na nafasi ya jina iongezwe mpaka litoshe, kwa sababu kukata jina la mtu ili programu isianguke si tiba. Programu ndiyo inayopaswa kuwatosha watu wa Buxton.